Siku Ngapi Kwenda, Siku Ngapi Kurudi: Mwongozo Kamili wa Kuchora Ramani na Mipaka ya Dola la Nyota

Ramani yangu ya kwanza ya dola la angani ilikuwa na rangi saba na haikuwa na maana. Niliichora kwenye karatasi ya manila, nyota arubaini hivi, kila himaya na rangi yake, mipaka nimeipiga kwa rula kama ya atlasi ya shule. Baada ya magharibi nikaishusha barazani nipate kusifiwa. Mzee mmoja wa Matondoni, nahodha aliyekwisha kustaafu, aliitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza nyota ile ni ipi wala rangi hii ni ya nani. Aliweka kidole juu ya mji mkuu, akakivuta mpaka pembeni kabisa, akasema: "Mwanangu, hapa na hapa ni siku ngapi? Na chombo charudi na pepo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora nchi bila kuchora njia, na kwa mtu aliyezaliwa kisiwani hilo ni kosa la aibu. Hapa Lamu hatusemi Kiunga ni kilomita kadhaa. Tunauliza maji yamejaa au yamekupwa, na upepo ni wa wapi. Kwenye mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, maji yakikupwa sana chombo hukwama ukabaki unahesabu mikoko. Kilomita hazikwambii hayo. Tangu usiku ule nilibadili utaratibu: njia kwanza, siku baadaye, mipaka mwisho. Mwongozo huu ni utaratibu huo, kwa yeyote anayetunga hadithi, mchezo wa mezani au ulimwengu wake mwenyewe wa wanadamu waliotawanyika kwenye nyota.

Mfano nitakaoutumia ni dola langu la kubuni, Ungwana. Jina nimelitoa kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambako jukwaa la San Marco limesimama baharini kule Ngomeni. Waitaliano walirusha roketi za Scout pale kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilipaa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Pwani ile iko kama digrii 3 kusini ya ikweta, na mzunguko wa dunia humsukuma kila arukaye kuelekea mashariki kwa karibu mita 460 kwa sekunde, bure kabisa. Basi katika hadithi yangu vyombo vya kwanza viling'oa nanga hapo. Wewe tafuta pwani yako.

Hatua ya 1: Andika kanuni ya safari kabla ya kugusa kalamu ya rangi

Chukua karatasi tupu ujibu maswali manne. Chombo kinafika umbali gani kwa mkupuo mmoja? Kinachukua siku ngapi? Kinahitaji nini kabla ya kuondoka tena? Na habari, je, husafiri kwa njia gani? Usisogee mbele mpaka majibu manne yamekaa, maana kila mstari utakaouchora baadaye unatoka humo.

Kanuni za Ungwana ni hizi. Chombo huvuka miaka ya nuru 6 kwa mkupuo, si zaidi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima), na mvuko huchukua siku 20. Kabla ya kuvuka lazima kikae karibu na nyota kikinywa mwanga: siku 10 kwa nyota ing'aayo kama Jua letu, siku 100 kwa nyota kibete nyekundu, yaani nyota ndogo na hafifu. Habari hubebwa na chombo; la sivyo itumwe kwa redio, iende kwa kasi ya mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde, na aliyeituma azeeke akisubiri majibu.

Kuvuka haraka kuliko mwanga ni uongo wangu, fizikia tunayoijua haikubali. Ukiutaka ukweli mtupu, wape vyombo vyako moja ya kumi ya kasi ya mwanga: nyota iliyo karibu miaka ya nuru 4.4 utaifikia baada ya miaka 44, na ramani yako itakuwa ya vizazi badala ya misimu. Inawezekana, na ni nzuri kwa hadithi ya huzuni. Ila chagua moja usichanganye.

Kanuni ya tatu, ya kunywa mwanga, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nyota ya Barnard, kibete nyekundu iliyo jirani yetu, hutoa mwanga usiofika hata asilimia moja ya mwanga wa Jua. Kwa hesabu kavu wasafiri wangesubiri pale zaidi ya siku 1,000. Nimewaruhusu wasogee karibu na moto. Hata hivyo siku 100 ni msimu mzima. Watu wakikaa msimu mzima mahali watajenga, wataoa, watakopa na watagombana. Mabaharia waliosubiri kusi kwenye bandari zetu walifanya hayo hayo. Kwa hiyo kabla sijachora chochote nilishajua kwamba kwenye nyota hafifu ya Barnard pana mji mkubwa, ingawa hapana utajiri wowote wa madini.

Hatua ya 2: Kusanya nyota zako

Unaweza kubuni nyota zote, lakini za kweli hukuokoa na kazi ya kuzitawanya, maana mkono wa mwanadamu ukitawanya nukta huzipanga kama kunguni kwenye mshono wa godoro. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa 2013, kilipima mahali pa nyota kwa uangalifu usiowahi kuwapo, na orodha yake ya 2022 ina nyota karibu bilioni 1.8. Huzihitaji. Anza na zilizo ndani ya miaka ya nuru 12 kutoka Jua. Ni chache, zinatosha dola moja na maadui wake.

Kila nyota katika orodha ina namba tatu: longitudo ya angani, ambayo mara nyingi huandikwa kwa saa (zidisha saa kwa 15 upate digrii), latitudo ya angani, na umbali. Namba hizo zinakwambia utazame wapi ukiwa umesimama duniani. Kwa ramani unahitaji namba nyingine tatu, x, y na z. Fungua lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalojihesabia, hata ya kwenye simu, uandike hesabu hii: x ni umbali mara kosini ya latitudo mara kosini ya longitudo, y ni umbali mara kosini ya latitudo mara sini ya longitudo, z ni umbali mara sini ya latitudo. Angalia lahajedwali yako inataka digrii au radiani. Nyingi hutaka radiani, kipimo kingine cha pembe, na mimi nilipoteza Ijumaa nzima nikidhani nyota zimeniruka.

Hizi ndizo ninazozitumia, kwa miaka ya nuru, Jua likiwa sufuri:

Rijili Kantori: −1.6, −1.4, −3.8
Nyota ya Barnard: −0.1, −5.9, 0.5
Ross 154: 1.9, −8.7, −3.9
Shira: −1.6, 8.1, −2.5
Procyon: −4.8, 10.4, 1.0

Shira ndiyo Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku. Rijili Kantori ni Alpha Centauri, jirani yetu, na kutoka ufuo wa Shela huonekana vizuri sana upande wa kusini.

Kupata umbali baina ya nyota mbili, toa x kwa x, y kwa y, z kwa z, kila jibu lizidishe kwa lenyewe, jumlisha matatu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tengeneza jedwali la kila nyota na kila nyota. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Hatua ya 3: Pima kina

Hapa ndipo ramani nyingi huzama. Karatasi ni bapa, anga si bapa. Chukua Nyota ya Barnard na nyota hafifu iitwayo Struve 2398. Ukizichora kwa x na y peke yake zitaonekana jirani wa kuombana chumvi: kati yao miaka ya nuru 1.2 tu. Ukiingiza z, namba ya juu na chini, umbali wa kweli ni 9.5. Moja iko juu kabisa ya nyingine, kama mtu wa ghorofani na mtu wa kisimani. Nikifungua ramani ya mtu nikaona hakuna dalili yoyote ya z, siendelei kuisoma.

Dawa yake mabaharia wanayo zamani. Chati ya bahari nayo ni karatasi bapa, na bahari ina kina, kwa hiyo kila mahali huandikwa namba ya kina. Nahodha akishusha bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, husoma pima ngapi, basi. Fanya vivyo hivyo: pembeni mwa kila nyota andika z yake, kwa alama ya kujumlisha ikiwa juu ya karatasi na ya kutoa ikiwa chini. Usichore vijiti vya kusimama na vivuli; vinapendeza nyota zikiwa kumi, zikifika thelathini karatasi inakuwa kiota cha kunguru.

Pamoja na karatasi, tengeneza mfano wa kushika. Mimi nilichukua katoni ya maziwa ya kopo, nikaikata upande mmoja, nikatumia shanga kwa nyota na uzi wa kushonea kuzining'iniza kutoka kifuniko, sentimita 2 kwa kila mwaka wa nuru. Chelewa za makuti, zile za ufagio, zinafaa kuunganishia nyota na nyota. Weka katoni mahali pasipo upepo. Hapa kwetu wakati wa kusi nyuzi husukika na Ungwana yote huwa fundo moja.

Hatua ya 4: Funga njia

Rudi kwenye jedwali la umbali, tafuta kila jozi iliyo chini ya kikomo chako. Kwangu ni 6. Jua na Rijili Kantori ni 4.4: funga njia. Jua na Nyota ya Barnard ni 5.96: imepita tundu la sindano, funga. Nyota ya Barnard na Ross 154 ni 5.5: funga. Shira na Procyon ni 5.3: funga. Jua na Shira ni 8.6: hapana njia.

Sasa tazama ulichopata. Ungwana ni uzi wenye mafundo manne. Shira na Procyon ni kisiwa chao wenyewe, hawaonani na Ungwana ila kwa redio na kwa vyombo vya kale vya mwendo wa pole vilivyowapeleka. Na Rijili Kantori na Nyota ya Barnard zimeachana kwa 6.5, kwa hiyo mfanyabiashara wa huku akitaka kwenda kule lazima apitie Jua, alipe ushuru wa Jua, ale hoteli za Jua. Mji mkuu unaishi kwa nusu mwaka wa nuru.

Cheza na kikomo uone. Kipandishe kutoka 6 hadi 6.5, hao wawili wanafanya biashara moja kwa moja na mji mkuu unabaki na makumbusho. Kipandishe hadi 9, njia ya Shira inafunguka na ghafla mna jirani mliyemsahau karne nyingi, mwenye nyota ing'aayo mara 25 kuliko Jua, chombo chake kinakunywa mwanga kwa saa kumi tu hivi. Nimewahi kukesha nikibadili namba hiyo moja. Vita, usaliti, miji inayofilisika, vyote vimo humo, hujatunga hata mhusika.

Tafuta pia mahali pa kwenda bila kurudi. Miaka ya nuru 3.6 kutoka Rijili Kantori pana Luhman 16, vibete kahawia viwili ambavyo havikuwahi kuwaka kama nyota. Njia ipo, fupi kuliko zote. Lakini kwa kanuni ya Ungwana chombo kikifika pale hakina mwanga wa kunywa. Nimepaita Takwa, kwa ule mji wa Manda ambao wenyewe waliuhama karne ya 17 wakavuka kwenda Shela. Sisi tunahadithiwa kuwa visima viliingia chumvi. Katika ramani yangu nina alama maalumu ya mahame, na Takwa ya angani ni ya kwanza kupewa.

Hatua ya 5: Geuza umbali kuwa siku

Hili ndilo jibu la yule mzee. Juu ya kila njia andika namba mbili, si moja: siku za kwenda na siku za kurudi.

Kutoka Jua hadi Nyota ya Barnard: siku 10 za kunywa mwanga, 20 za mvuko, jumla 30. Kurudi: 100 za kusubiri, 20 za mvuko, jumla 120. Kutoka Jua hadi Ross 154: 30, kisha 120, jumla 150. Kurudi: Ross 154 nayo ni kibete nyekundu, kwa hiyo 120, na 120 nyingine, jumla 240. Rijili Kantori ina jua zuri, kwenda 30 na kurudi 30.

Barua ya serikali kwenda Ross 154 na majibu yake ni siku 390. Waziri anayetoa amri leo atajua mwaka ujao kama ilitiiwa. Kwa kalamu ya risasi zungushia nyota zenye jumla moja ya siku za kwenda na kurudi: kwangu siku 60, siku 150, siku 390. Mistari hii ya siku haitakuwa duara. Itavimba pale penye nyota angavu na kunywea penye hafifu.

Hatua ya 6: Sasa gawa nchi

Usiulize dola linadai nini. Uliza linaweza kufanya nini likachelewa kwa siku ngapi. Nimegawa Ungwana mara tatu. Ndani ya siku 100 za kwenda na kurudi ni ardhi ya kodi: mtoza ushuru hufika, hukagua, na asiyelipa hupata habari yake. Kati ya siku 100 na 200 ni ardhi ya bendera: liwali huteuliwa na mji mkuu lakini huoa huko, na akishaoa huko si wako tena. Zaidi ya 200 ni ardhi ya salamu: hutaja jina la dola kwenye hotuba, hupeleka zawadi, hufanya lao. Kwa hesabu hiyo Rijili Kantori inalipa kodi, Barnard inapandisha bendera, Ross 154 inatuma salamu.

Paka rangi kwa kufifisha. Rangi nzito kwenye kodi, nyepesi kwenye bendera, vidoti kwenye salamu. Na rangi ipake kwenye mafundo na njia tu. Nafasi tupu baina ya nyota usiipake kitu. Hakuna anayekaa huko wala anayeweza kusimama huko.

Hatua ya 7: Mpaka wenyewe

Kwa desturi mpaka wa angani ni mahali njia inapokatika, na hapo hupigi mstari. Unaweka alama ya pingu juu ya njia yenyewe. Lakini madola hupenda mistari hata isipokuwa na faida, na ramani nzuri huonyesha mstari na upuuzi wake. Historia yetu ina vielelezo vya kutosha.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kugawana huku kwetu, walimwachia Sultani wa Unguja visiwa pamoja na utepe wa pwani wa maili 10 za baharini, unaoishia Kipini. Kaskazini ya hapo hawakuendeleza utepe. Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu kila mji ulipewa duara la maili 10, Warsheikh duara la maili 5. Jirani na Kipini, Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885, wakaiachia Uingereza kwa mkataba wa 1890. Ukiyatazama yale maduara unaona kabisa namna ya kuchora dai la dola kwenye nyota zilizotengana: tufe kuzunguka kila bandari, na katikati si pa mtu. Aliyeamua maili 10 hakuuliza wenyeji wanachunga wapi. Weka tufe kama hizo kwenye ramani rasmi ya dola lako, halafu chora ramani ya pili ya wale wanaochunga.

Njia nyingine ni mstari wa katikati. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mpaka wa bahari wa Kenya na Somalia, ule unaoanzia pwani kaskazini ya Kiunga. Kenya ilitaka mstari ufuate latitudo, Somalia ikataka mstari ulio sawa kwa umbali kutoka pwani zote mbili. Mahakama ilianza na wa katikati, kisha ikausogeza. Angani mstari huo ni ubao: chukua kipande cha katoni, kitie katikati ya uzi unaounganisha nyota mbili za madola mawili, kikae wima dhidi ya uzi. Kila kilicho upande huu ni chako. Ukitaka kusogeza, kisogeze kwa siku, si kwa sentimita. Dola lenye vyombo vya haraka litapata zaidi, na litaliita jambo hilo haki.

Baina ya Ungwana na Shira sijaweka kitu. Hakuna njia, hakuna mlinzi, hakuna ubao. Nimeacha karatasi nyeupe, na wasomaji wengi kidole chao huishia hapo hapo.

Hatua ya 8: Ndani ya mfumo wa nyota

Ukishuka kwenye sayari, mpaka huanza kutembea. Umbali wa Mirihi kutoka kwetu huwa kati ya kilomita milioni 55 na 400 hivi, na redio huchukua kuanzia dakika 3 hadi 22 kwenda tu. Nafasi nzuri ya kuondoka hurudi kila siku 780, yaani kama miezi 26. Huo ni msimu, kama kaskazi, atakayechelewa atangoja. Kwa hiyo usichore mpaka uliobanwa mahali. Chora tufe linalosafiri na sayari: kwa Dunia, eneo ambalo uvutano wake unaweza kushika mwezi au setilaiti lina nusu kipenyo cha kilomita milioni 1.5 hivi.

Pana pia ugomvi wa njia za juu. Mkataba wa anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu. Hata hivyo mwaka 1976 nchi nane za ikweta, Kenya ikiwemo, zilitia saini Azimio la Bogotá zikidai kuwa ule mzunguko ulio kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti hubaki juu ya mahali pamoja, ni sehemu ya nchi zao. Dai halikushika. Lakini ukitafuta kisa cha mpaka kwa sura ya kwanza ya hadithi yako, kiko hapo, na ni cha kwetu.

Hatua ya 9: Majina

Hili ni fupi. Usiite kila kitu "Mpya". Wahamiaji huchukua majina ya mitaa, si ya miji mikuu. Bandari ya Rijili Kantori nimeiita Mkomani na ile ya Barnard Langoni, kwa mitaa miwili ya Lamu, na Langoni ya angani kweli ni lango. Ross 154 ni Kiunga, mji wa mwisho. Kila mahali pawe na majina mawili, la ramani ya serikali na la wenyeji, kama ambavyo serikali huandika Lamu na wenyewe husema Amu. Wahusika wako wakigombana juu ya jina, umeshachora mpaka bila mstari.

Hatua ya 10: Tia tarehe

Kila ramani iwe na mwaka pembeni, na uchore walau tatu: kabla ya njia kufunguka, wakati wa neema, baada ya kuvunjika. Ikiwa hadithi yako ni ya maelfu ya miaka, kumbuka nyota nazo zinasafiri. Barnard inatujia, karibu mwaka 11,800 itakuwa umbali wa miaka ya nuru 3.8 hivi, karibu kuliko Rijili Kantori ilivyo leo. Kwa karne tano au sita, puuza.

Kisha ijaribu. Mpe mtu ramani bila maelezo, mwambie apeleke barua kutoka Mkomani hadi Kiunga na alete majibu. Akikuuliza kitu, hicho kimekosekana kwenye karatasi. Mimi nilimpelekea mzee wa Matondoni. Alifuata uzi kwa kidole, akahesabu mia na khamsini kutoka Jua, akahesabu mia mbili na arubaini kurudi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu kidole kikarudi Langoni, kikatua.

"Hawa waketio hapa siku mia, maji wateka wapi?"

Nilirudi nyumbani nikachora kisima.